Mkanyaga-Upepo na Kamba ya Korongo la Ndighe

Zama zile milima ya Mwore haijapewa jina, kabla moshi wa jiko lolote haujapanda kutoka mabonde haya mnayoyalima leo, aliishi Mwandoe mwana wa Mwakio mfua mikuki, mjukuu wa Kilale aliyewatoa watu wetu nyikani, Mwandoe Mkanyaga-Upepo, Paja la Fahali, ambaye bila yeye sote tulioketi hapa tusingezaliwa. Tulieni basi, na anayetafuna muwa auweke chini, maana kisa hiki hakisikilizwi kwa mdomo uliojaa.

Wavamizi waliwafukuza babu zetu kutwa nzima hadi ukingoni mwa Korongo la Ndighe, mbele hakuna njia, nyuma mikuki, na chini kabisa mawe na maji yanayonguruma. Hapo Mwandoe, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijamwota, alijifunga kamba ya ngozi kiunoni, ncha ya pili ikafungwa kwenye jiwe, akarudi nyuma, akatemea mate viganja vyake, akajipiga paja, akaruka. Alitua ng'ambo kwa magoti, akaifunga kamba kwenye mwamba, na watu wote wakavuka wakining'inia, wazee kwa vijana, vichanga migongoni mwa mama zao. Kisha kamba ikakatwa, wavamizi wakabaki wakitukana hewa. Hivyo ndivyo Mwore ilivyopata watu.

Mtu mmoja tu aliona jambo ambalo nyimbo hazikulitaja. Mghalu, mama yake, alipomkumbatia pale ng'ambo, alimkuta mwanawe anatetemeka mwili mzima kama mgonjwa wa homa, akamfunika vazi la ngozi alilovaa ili watu wasimwone. Mama huyu alikuja kujuta kwa kumfunika. Maana Mwandoe tangu siku ile alijifunza kwamba hofu ni kitu cha kufichwa, na akaificha vizuri mno.

Kila mwaka baada ya mavuno, ngoma zilipigwa ukingoni na Mkanyaga-Upepo akaruka tena, ili wavamizi popote walipo wasikie kwamba fahali wa Mwore hajazeeka. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana kushika mkuki, kuvumilia kiu, kusimama zamu. Na vijana walimpenda kupita kiasi. Alipochomwa na mwiba akachechemea, mji mzima ulijaa watoto wanaochechemea, wengine mguu wa kulia, wengine wa kushoto, kila mmoja akiapa kwamba ndivyo anavyotembea shujaa. Watu walicheka. Mghalu hakucheka, alimwita mwanawe akamwambia, "Mwanangu, hawa watoto maneno yako hawayashiki. Wanaitazama miguu yako. Angalia unapoikanyagisha."

Mwandoe alimsikia mama yake kwa heshima, na mavuno yalipofika akaruka.

Mwaka ule ule Shali, mwana wa dada yake na kijana aliyemfundisha kabla ya wengine wote, alikwenda ukingoni peke yake, akatemea mate viganja, akajipiga paja, akaruka. Hakufika. Wachunga mbuzi waliuona mwili wake chini kabisa, juu ya mwamba ambao maji hayaufikii, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kushuka. Dada yake Mwandoe alipiga magoti akamwomba kaka yake amletee mwanawe azikwe. Mwandoe akatangaza mbele ya watu, "Korongo halirudishi linachokichukua." Maneno mazito, na watu waliyainamia vichwa. Lakini ndani ya kifua chake Mwandoe alijua ukweli: aliogopa kushuka kule, na hakuthubutu kusema.

Akatoa amri pia. "Kuanzia leo, kijana atakayeukaribia ukingo bila mimi, atahama Mwore." Na mavuno yaliyofuata, baada ya amri hiyo, nani aliyeruka? Yeye mwenyewe, na ngoma juu!

Sasa sikilizeni. Siku moja, mavuno mengine yakikaribia, Mwandoe alipita penye uga wa kupuria mtama, akaona mistari miwili imechorwa mchangani. Alisimama. Upana ule aliujua kuliko alivyoujua mlango wa nyumba yake: ulikuwa upana wa Korongo la Ndighe. Mstari wa kwanza umejaa nyayo za miguu midogo. Akainama kutazama wa pili, na nyayo za kutua zilikuwa hapo, nyingi mno, zote pungufu kidogo ya mstari. Karibu na mahali pa kuanzia palikuwa na madoa ya mate. Mwandoe alizijua nyayo zile, kwa kuwa kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda kama chake. Zilikuwa za Wakesho, binti yake wa pekee.

Akaondoka mbio. Akamkuta binti nyumbani anasuka ukili, akamwambia, "Nakukataza."

"Baba," Wakesho akajibu bila kuinua sauti, "ulitukataza sote Shali alipokufa, kisha ukaruka mwenyewe. Nikikosa kuruka mwaka huu ukiwepo, nitaruka siku ambayo hupo. Wewe si ulitufundisha kwamba mtu wa Mwore haogopi?"

Mwandoe akatoka nje. Angeweza kumfunga kamba, ndiyo, lakini mtoto atafungwa hadi lini? Na nyuma ya Wakesho walikuwapo wenzake, wote wakimtazama Mkanyaga-Upepo kwa macho yale yale ya kuabudu.

Siku ya mavuno ikafika, ngoma zikalia, akina mama wakapiga vigelegele. Mwandoe alipogeuka pale ukingoni aliwaona vijana wamejipanga nyuma yake, Wakesho mbele yao, nguo amezikaza kiunoni. Aliona viganja vya binti vimeshalowa mate. Akajua kwamba akiruka, binti yake naye ataruka, na atapungukiwa kidogo tu, kama kule ugani.

Basi Paja la Fahali alinyanyua mkono, ngoma zikanyamaza. Akachukua kamba ndefu ya ngozi, akajifunga kiunoni, na sauti yake ilipotoka ilikuwa inakwaruza.

"Leo siruki. Nashuka kumchukua Shali. Na ninaogopa."

Kisha Mwadime, kiongozi wa ngoma, akapaza sauti, "Fahali wetu amegeuka ndama!" na kicheko kikalipuka. Mwandoe alikisikia, na kilimuuma, msidhani hakikumuuma. Lakini hakumjibu mtu. Alimwendea Wakesho akamtia ncha ya kamba mikononi, akawaambia na wenzake, "Shikeni. Mkiachia, nimekufa." Akalala kifudifudi mbele ya mji mzima, akaanza kushuka, miguu ikipapasa mahali pa kukanyaga.

Hakufika nusu. Jiwe lilimtoka chini ya wayo, akaanguka, na kamba ikapita viganjani mwa watoto ikiwachuna ngozi. Wakesho aliburutwa hadi visigino vyake vikafika penye ukingo, kokoto zikamwagika mbele yake kuingia shimoni.

"Kaeni chini!" alipiga kelele. "Kaeni chini, kazeni miguu, msiachie!"

Wakakaa. Wakakaza. Kamba ikalia, ikasimama, na mtu aliyewapa uhai Mwore nzima akawa ananing'inia kwenye mikono ya watoto. Mwadime mwenyewe aliitupa ngoma akakimbilia kamba. Walimvuta hadi juu, goti moja linavuja damu, mikono mitupu, anatetemeka mwili mzima, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumfunika. Kila kijana alimwona.

Wakesho alivitazama viganja vyake vilivyochunika, akamtazama baba yake. "Hata siku ile ya wavamizi uliogopa?"

"Siku ile kuliko zote, mwanangu."

Binti akazifungua nguo alizozikaza kiunoni, akaketi karibu yake, akalia kwa sauti. Hakuruka siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Miaka ikapita, Mghalu akafa, ndevu za Mwandoe zikawa nyeupe. Asubuhi moja alikuja ukingoni na kamba yake, akawaambia wajukuu, "Ninaogopa. Shikeni." Akashuka, na safari hii alifika chini. Kamba ikatikiswa. Wakavuta, wakaona ni nyepesi mno. Kilichopanda ni mifupa ya Shali, imefungwa kwa upole ndani ya shuka ya Mwandoe. Waliteremsha kamba tena, wakaita, wakaita. Wakesho alikaa ameshika ncha yake hadi wazee walipokuja kumwinua, na hakuna aliyemwona tena Mkanyaga-Upepo, hai wala maiti.

Ndiyo maana Mwore hatuna mashindano ya kuruka. Ndiyo maana kila mavuno mtu mzima mmoja hujifunga kamba, husema hofu yake mbele ya watu, na hushuka kadiri awezavyo, na kamba hushikwa na watoto peke yao.

Mwaka huu zamu imeniangukia mimi. Kamba ni hii hapa. Sogeeni, watoto wa Mwore, kaeni chini, kazeni miguu. Ninaogopa. Shikeni.