Mfuniko wa Kihenge cha Wakamwana Watatu

Acheni kunong'ona huko nyuma. Mwenye hindi la kuchoma atafune taratibu, mwenye usingizi akalale kwao. Nina kesi hapa iliyowashinda watu wazima na ndevu zao, naitua mbele yenu. Mwisho nitauliza, na atakayesema "sijui" ataosha vyombo.

Huko milimani Rungwe palikuwa na mjane aitwaye Tupokigwe, mwenye wakamwana watatu, yaani wake za wanawe. Waume zao walikuwa Chunya wakichimba dhahabu, ambayo mpaka leo hakuna aliyeiona hata kwenye sikio la mtu.

Mkubwa, Tusekile, alijua kusuka. Mpe mianzi na kisu, atakupa tenga ambalo hata maji yanafikiri kabla ya kupita.

Wa pili, Lugano, alitoka Ukisi, kule ziwani wanakofinyanga vyungu. Yeye alijua udongo. Aliuonja! Aliweka kidogo ulimini, akatema, akasema, "Huu una mchanga mwingi." Na ukienda kutazama, kweli.

Wa tatu, Subilaga, hakujua kusuka wala kufinyanga, na ugali wake tuuache. Kipaji chake kilikuwa kimoja tu: hakuogopa kuharibu. Wenzake wakikwama kwenye jambo, wakilizunguka na kusikitika, yeye alikuwa ameshaanza kubomoa.

Haya. Baba mkwe wao alipokuwa hai alikuwa na kihenge, lile ghala la duara la mianzi la kuwekea mahindi. Juu yake palikaa mfuniko wa mninga, aliouchonga mwenyewe kutoka gogo moja. Katika boma lile, mwenye mfuniko ndiye aliyesema leo tunafungua, leo hatufungui. Wengine wote walisubiri na ungo mkononi.

Mzee alipokufa, kihenge nacho kikaoza na kuanguka. Mahindi ya msimu ule yakawekwa kwenye viroba, sakafuni. Panya wakala, ukungu ukala, wakamwana wakala maboga. Ikabidi Tupokigwe ajitwike ungo kwenda kwa shemeji yake Anyosisye, mdogo wa marehemu, kuomba unga. Akapewa unga kidogo na maneno mengi.

Msimu uliofuata shamba likakubali kuliko kawaida. Anyosisye akaja, akasimama uani mikono nyuma, kama mtu anayekagua kilicho chake.

"Shemeji, hayo mahindi yaleteni kwangu niwatunzie kabla ya mvua. Mkihitaji, mtabisha hodi."

"Na usipokuwapo?"

"Mtasubiri."

Tupokigwe aliingia ndani, akautungua mfuniko wa mninga ukutani, akaupangusa vumbi kwa kanga, akawaita wakamwana wake.

"Mimi nimebisha hodi za kutosha," akasema. "Atakayenijengea kihenge kisichopitisha mvua wala panya, mfuniko huu ni wake. Hata mimi nikitaka mahindi, nitamwomba yeye."

Wakatazamana. Hakuna kati yao aliyewahi kujenga hata banda la kuku. Wewe unayecheka, ngoja kwanza. Kwao mkamwana haonani na baba mkwe. Akimwona njiani anaiacha njia, akimsikia uani anajificha. Na aliyejua kujenga kihenge pale nyumbani alikuwa huyo huyo baba mkwe. Wangemtazama saa ngapi? Miaka yote walimjua kwa kikohozi na kwa visigino.

Na mdogo wa baba mkwe ni baba mkwe pia. Anyosisye alilijua hilo vizuri. Basi Tusekile akikaa uani aanze kusuka, mzee huyo anapita, "Kho! Kho!" Wanawake wanatupa kazi, wanakimbilia migombani. Wakirudi, anapita tena. Shamba lake lilikuwa upande mwingine kabisa, lakini siku zile aliipenda njia ile kama vile ndiyo iliyomzaa.

"Tukienda hivi," akasema Tusekile, majani ya mgomba yamemjaa kichwani, "kihenge hiki watakuja kukimalizia wajukuu."

"Njooni jikoni kwangu," akasema Subilaga. "Mle ndani akohoe mpaka mapafu yatoke."

Jiko hilo, mlijue. Kule kwao bibi harusi anapika kwenye mafiga ya mama mkwe, miaka na miaka, akiambiwa chumvi imezidi, chumvi imepungua. Akijengewa jiko lake ndipo anakuwa mtu. Subilaga alikuwa amelipata la kwake juzi tu. Udongo wa kuta ulikuwa bado unanukia.

Basi Tusekile akaingia jikoni, akasuka. Akaanza na kitako, akapanda na mbavu. Mianzi ikaisha katikati, na shamba la mianzi ya ukoo lilikuwa kwa Anyosisye, ambaye ghafla alipatwa na uziwi. Tusekile hakulia. Alikuwa na matenga yake, aliyoyasuka kiangazi kizima kwa ajili ya soko, yamepangwa hadi darini. Akayaloweka mtoni, akayafumua yote, na nyuzi zake akazisukia kihenge. Alipomaliza, mikono ilikuwa imechanika hata hawezi kushika kijiko. Lakini kihenge! Kimesimama katikati ya jiko, kipana, tumbo mbele, kama mama wa mapacha.

Wakapiga vigelegele. Wakakishika kukitoa nje.

Hakikutoka.

Wakakilaza. Hakikutoka. Wakakigeuza kichwa chini. Hakikutoka. Mlango ulikuwa wa mtu mmoja mwenye ndoo, na kihenge kilikuwa cha mahindi ya familia.

"Hukuupima mlango?" Lugano akauliza.

"Nilipima mahindi!" Tusekile akafoka. "Mlango ni wa Subilaga, angepima yeye!"

Nje, ukutani, ikasikika, "Kho! Kho!" na baada yake kicheko. Jioni kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba wakamwana wa Tupokigwe wamejenga kihenge cha kupikia.

"Tukikate," akasema Lugano. "Tukiunge nje."

"Kata mkono wangu kwanza," akasema Tusekile.

Subilaga hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ametoka nje, amerudi na jembe.

"Kihenge hakitoki kwenye nyumba," akasema. "Basi nyumba itoke kwenye kihenge."

Na kabla hawajamshika, paa! Ukuta wa kwanza ukaenda. Jiko lake mwenyewe, wanangu, udongo unaonukia upya. Akaangusha ukuta wa pili, wa tatu na ule wenye mlango uliowatia aibu. Akaacha nguzo na paa la nyasi juu yake. Vumbi lilipotulia, kihenge kilikuwa nje bila kusogea hata kidogo, na kimeshaezekwa. Akafunga uchaga wa magogo kwenye nguzo, wakakinyanyua juu yake wote wanne pamoja na mama mkwe, kikakaa mbali na unyevu wa ardhi. Chini yake mafiga yakabaki palepale, ili moshi uwafukuze dumuzi wanaotoboa mahindi. Usiku huo Subilaga akarudi kupika kwenye mafiga ya mama mkwe, kama bibi harusi wa jana. Na chumvi ilizidi.

Sasa kilibaki kukandikwa. Lugano akachota udongo, akauonja, akaukanda na samadi, akakipaka kihenge ndani na nje. Asubuhi kikawa na nyufa kama visigino vya Anyosisye. Akabandua, akapaka upya. Nyufa. Mawingu yalikuwa tayari yameshika vilele vya milima, na mahindi yamerundikwa uani chini ya turubai.

Akakaa chini akafikiri. Kwao Ukisi, udongo wa chungu kikubwa huchanganywa na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika, ndipo haupasuki. Lakini vigae atavipata wapi? Watu wa milimani walikuwa na masufuria. Chungu kilikuwa kimoja tu: mtungi wa maji aliopewa na mama yake siku ya kuolewa, aliousafirisha kutoka ziwani mapajani, usiguse hata ubavu wa gari. Mama huyo alikuwa ameshakufa.

Akautoa nje. Akanywa maji yake kwa mara ya mwisho. Akaupiga jiwe.

"Lugano!" Tusekile akapiga kelele.

"Nyamaza, nipe kinu."

Akautwanga mpaka ukawa unga, akauchanganya na udongo, akapaka. Kisha akausugua kwa kokoto laini kama wafinyanzi wanavyofanya, mpaka kihenge kikang'aa. Asubuhi, hakuna ufa. Wakamimina mahindi, tenga juu ya tenga, mpaka kinywani. Panya wa kwanza aliyejaribu kupanda aliteleza huku wakimtazama, akaanguka chali, akaondoka kwa aibu akijifanya alikuwa na safari nyingine.

Mvua ikaja. Siyo ya manyunyu. Ile ya Rungwe, inayonyesha kama ina kisasi. Ilipokatika, Tupokigwe akatumbukiza mkono mpaka begani, akachota mahindi ya chini alikofika, akayatafuna. Ka! Ka! Makavu. Mama yule asiyecheka akacheka. Wakamwana wakacheza pale uani kwenye matope, na majirani waliokuja kucheka wakaishia kupima urefu wa nguzo kwa macho, wakaige.

Ndipo ukaja wakati wa mfuniko.

"Ni wangu," akasema Tusekile. "Bila mimi mngepaka udongo hewani. Na matenga yangu yote yamo mle."

"Ni wangu," akasema Subilaga. "Bila mimi kingekuwa bado kimefungwa jikoni kama mwali. Na jiko sina tena."

"Ni wangu," akasema Lugano. "Bila mimi mngehifadhi uji. Na mtungi wa mama yangu haurudi."

Tupokigwe akaupakata mfuniko mapajani, akamtazama huyu, akamtazama yule, akakuna kichwa. Kwa muda wakakifunika kihenge kwa ungo.

Wakiwa bado wanabishana, kumbe kihenge cha Anyosisye kimevuja. Mahindi yake yameanza kuota humo humo ndani. Yeye mwenyewe hawezi kuja kusema na wakamwana, ule mwiko aliouchezea sasa umemfunga mwenyewe. Akamtuma mkewe. Mama wa watu akaingia uani, gunia la mahindi yaliyookolewa kichwani, jasho likimtiririka.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mama mdogo," wakaitika wakamwana.

"Mzee anaomba mumtunzie haya. Nimwombe nani?"

"Mwombe mwenye mfuniko," akasema Tupokigwe, kwa sauti iliyofika hadi migombani, ambako mtu fulani alikuwa amejibanza, akikohoa pole pole.

"Ndiyo, mama. Ni yupi?"

Tupokigwe akautazama mfuniko, akakuna kichwa tena.

Na ninyi msiniletee majibu ya kivivu. Msiseme waupasue vipande vitatu. Mfuniko uliopasuliwa ni kuni. Msiseme wapokezane, kihenge cha kufunguliwa na watatu kitakuwa kitupu kabla ya palizi. Na msiseme abaki nao mama mkwe. Alishatamka mbele ya watu, na yeye si Anyosisye wa kukalia mahindi ya wengine.

Aliyefumua matenga yake, aliyebomoa jiko lake, au aliyevunja mtungi wa mama yake? Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi. Mke wa Anyosisye bado amesimama pale, na gunia ni zito.