Sauti Zilizokaa Sikioni mwa Mtemi

Sogeeni, wajukuu zangu. Kisa na kije, kije taratibu, kikae nasi.

Kale, kale ya babu wa babu zetu, palikuwa na nchi ya Ibalamba. Ardhi yake ilikuwa nyeupe, na chemchemi za chumvi zilifuka mvuke asubuhi hata watu wakawa wanaonana kama vivuli. Wanawake walichota maji yale, wakayachemsha vyunguni, wakapata chumvi. Chemchemi hazikuwa za mtu. Nasema tena, hazikuwa za mtu.

Nyamizi alikuwa mpiga baragumu wa Mtemi Lugoye. Amri haikuwa amri mpaka Nyamizi aipulizie baragumu na kuitangaza. Kazi hiyo aliifanya tangu usichana, na maneno ya Mtemi aliyajua kama wewe unavyoujua mwendo wa mama yako akiwa bado yuko mbali.

Basi wakaja wakuu wa misafara, watatu, wakiongozwa na Kasonso, mtu mwenye sauti laini. Hawakuomba kitu. Walikaa tu. Asubuhi walikaa na Mtemi, adhuhuri walikaa, jioni walikaa. Walimletea asali, wakamletea ubani, wakawasifu wanawe. Wakaongea, wakaongea, moshi wa ubani ukizunguka, Mtemi akisinzia wakiongea na kuamka wakiongea. Mwezi ukaisha hivyo.

Siku moja Mtemi akamwita Nyamizi, Kasonso na wenzake wakiwa wamekaa kando yake.

"Tangaza," akasema. "Kuanzia kesho chemchemi zitakuwa mikononi mwa wakuu wa misafara. Wanawake wanazichafua. Ni kwa faida ya nchi."

Nyamizi akayasikiliza maneno yale. Kinywa kilikuwa cha Mtemi, lakini mwendo wa maneno ulikuwa wa Kasonso.

"Mtemi wangu, nani ameuona uchafu huo?"

Mtemi akafikiri. Akafikiri sana. "Inajulikana," akasema.

"Wewe umeuona?"

Kabla Mtemi hajajibu, Kasonso akatabasamu. "Mama, kazi yako ni kupuliza."

Nyamizi akaliweka baragumu chini, miguuni pa Mtemi.

"Hawa wamekaa nawe mwezi mzima. Wapika chumvi hawajakaa nawe hata asubuhi moja. Waite, uwasikie. Ukiitaka bado amri hii, nitaipuliza."

Mnadhani alifukuzwa? Hata yeye alidhani hivyo. Mtemi alilitazama baragumu muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lake mwenyewe.

"Waje," akasema.

Wakaja. Walikaa, wakasema, kila mmoja kwa zamu yake. Kisha wakampeleka kwenye mvuke. Mtemi akainama, akachota, akaonja. Akamgeukia Kasonso.

"Nionyeshe uchafu."

Kasonso akaongea sana siku ile, wajukuu zangu, akaongea vizuri, lakini hakunyoosha kidole popote. Amri haikupulizwa.

Wakuu wa misafara hawakukasirika. Walifunga mizigo yao, asali na ubani, wakaingia nchi jirani yenye chemchemi za chumvi pia, kwa mtemi mwingine. Huko hakutokea wa kuuliza, na amri ikapulizwa. Wanawake wa huko wakainunua chumvi ya chemchemi walizozaliwa kando yake, wao na binti zao, na binti za binti zao.

Mtawala humsikia anayekaa karibu naye. Basi nanyi mkikua, nendeni mkakae karibu, mseme.

Kisa kimepita, kimetuacha hapa. Aliyekisikia akitunze.