Lusambya Aliyevuka Mto na Godoro

Tegeni masikio, wana wa Barabara ya Kiwandani, ninyi mliozaliwa hapa Kelburn na kudhani kwamba watu wetu wameishi hapa tangu dunia ilipoumbwa. Palikuwa na zama ambapo jina letu halikujulikana hata kwa mbwa wa mji huu, zama za theluji ya kwanza, wazee wetu walipoteremka kwenye ndege kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wamevaa kandambili, wakaulizwa kama wanasikia baridi, nao kwa adabu wakajibu hapana. Katika zama hizo aliishi Lusambya mwana wa Ebengo, Shingo ya Mvule, mjukuu wa yule Mmunga aliyebeba kengele ya kanisa kutoka mji wa Baraka mpaka milimani bila kuiacha ilie njiani, kwa kuwa aliona si vizuri kuamsha vijiji visivyo vyake. Naye Ebengo alimbeba mgongoni mama mwenye uchungu akavuka naye mto uliofurika, na mtoto akazaliwa ng'ambo salama. Huo ndio ukoo wa Lusambya, ukoo wa watu wa kubeba.

Na yeye hakuuangusha. Kiwanda cha nyama kilipompa kazi, alibeba mapaja ya ng'ombe ambayo wengine waliyasukuma kwa toroli. Majira ya baridi ya kwanza, watoto wetu waliposhindwa kupanda kilima kwenda shule ya msingi, ile ya matofali mekundu, kwa sababu upepo uliwarudisha chini kama karatasi, Lusambya alitoka kazini alfajiri, akavaa koti lake pana, akawaingiza ndani ya koti wawili wawili, akawapandisha mpaka mlangoni. Walimu waliona mtu mkubwa anakuja, kisha anafungua vifungo na watoto wanatoka. Hivyo ndivyo watu wetu walivyoingia shuleni katika mji huu, wakitokea kifuani mwa Lusambya.

Lakini mtu mwenye nguvu naye ana mahali panapouma. Alipokuwa kijana kule kwetu Fizi, jina lake liliitwa shule ya bweni ya misheni, na baba yake akamsindikiza kwa miguu milimani, wakalala njiani. Mnajua, au waulizeni wazazi wenu, kwamba shule ya bweni haikupokei mikono mitupu: unakwenda na godoro, ndoo, sanduku la bati, jembe na kwanja la kufyekea majani. Ebengo alikuwa amepata vyote isipokuwa godoro. Mlinzi wa lango akavipekua vitu, akauliza godoro liko wapi, akafunga lango. Lusambya aliona baba yake, mtu aliyeshinda mto, anamsihi mlinzi wa lango. Wakarudi nyumbani kwa njia ileile, na hakusoma tena.

Sasa, dada yake Nabintu alifia kambini akamwachia binti mmoja, Apendeki, na Lusambya akamlea binti huyo kwa uji, kwa ukali kidogo, na kwa mapenzi asiyoweza kuyaficha. Apendeki akakua, akamaliza sekondari, na siku moja Chuo Kikuu cha Kilimani, kile kilicho ng'ambo ya mto, kikamwita akasome na kulala hukohuko. Alikuwa wa kwanza kati yetu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna moto. Lusambya hakupiga kelele. Alivaa viatu, akaenda dukani, akarudi na godoro la springi, nene, limefungwa nailoni, akalisimamisha sebuleni mahali ambapo kila mtu angelazimika kulizunguka.

"Mjomba," alisema Apendeki, "kule magodoro yapo. Wameniambia nije na mashuka tu."

"Hata sisi walituambia tuje tu," akajibu Lusambya.

Basi siku ya kuripoti ikafika, siku ya Agosti yenye joto la kukaanga. Jirani mwenye gari aliyeahidi kuwapeleka alikuwa ameitwa zamu kiwandani. Basi la mji lilisimama, dereva akalitazama godoro, akatikisa kichwa, akafunga mlango. Apendeki akamwomba mjomba wake waliache, wapande basi linalofuata. Na Shingo ya Mvule akatamka maneno ambayo tunayasema hadi leo: "Godoro likibaki, na wewe umebaki." Akalifunga kamba, akajitwisha. Sanduku akamwachia binti, ndoo akaitundika mkononi, ndani yake jembe na kwanja, akaanza safari ya kuukata mji wote kwa miguu.

Apendeki alimpenda mjomba wake kuliko mtu yeyote duniani. Lakini alikuwa msichana wa miaka kumi na nane, na Barabara Kuu ya Kelburn ni pana, ina magari mengi, na kila gari lina macho. Akatembea mbele. Kwanza hatua chache, kisha nyingi, mpaka mtu asiyewajua angesema kwamba huyu ni binti na sanduku lake, na yule kule nyuma ni kichaa wa mtu mwingine. Aliona aibu, akaionea aibu ile aibu yake, na bado hakupunguza mwendo.

Wakapita shule ya msingi, na Lusambya akaisalimu kwa kuinua ndoo. Wakafika sekondari, ambako vijana wenye kofia ngumu na mabega ya kuvimba walikuwa wakifanya mazoezi ya ule mpira wao unaochezwa kwa mikono. Wakacheka. Mmoja, mkubwa kuliko mlango, akatoka kuja kulijaribu godoro. Lusambya akamtwisha kwa heshima kabisa, kama mtu anayemvisha mgeni shanga. Kijana alipiga hatua tatu, shingo ikamgeuka, akaketi chini kwenye nyasi na godoro juu yake. Lusambya alimfukua, akamfuta vumbi, akajitwisha tena bila kushika. Wale vijana wakaacha kucheka, wakampigia makofi mpaka akakunja kona. Apendeki alisikia makofi, hakugeuka.

Wakafika chuo cha ufundi kilicho kando ya barabara ya magari ya kasi, ambako watu wazima wetu hujifunza Kiingereza jioni, na ambako Lusambya mwenyewe alikuwa amelala kwenye dawati majira mazima kwa uchovu wa zamu, mwalimu akimfunika koti. Hapo Apendeki alimsubiri, kwa kuwa jasho la mjomba lilikuwa linadondoka kutoka kidevuni.

"Mjomba, nisome hapa," alisema. "Ni karibu. Nitarudi nyumbani kila siku, nikupikie. Tusivuke."

Lusambya akaketi juu ya ndoo, akanywa maji. Alijua kwamba binti hasemi habari ya kupika. Binti aliogopa kilima kile, watu wake, na usiku wa kwanza bila sauti ya Kibembe, lugha ya kwao, nyuma ya ukuta.

"Hapa ni pazuri," akasema. "Hapa walinifunika koti. Lakini mtu huitika anakoitwa. Umeitwa kule."

Akainuka. Apendeki akatangulia tena, mbali zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu mbele yao sasa lilikuwa daraja, na ng'ambo yake wale watu ambao angeishi nao, na moyoni aliomba afike kabla hawajamwona amefika na nani.

Mnalijua daraja letu. Mnajua upepo wake mvua inapokaribia. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya mto, na Lusambya alipofika katikati upepo ukaja ubavuni, ukalikamata godoro, nailoni ikalia, na yule mtu ambaye mapaja ya ng'ombe hayakumshinda akasukumwa hatua kwa hatua kuelekea kwenye vyuma vya ukingo. Angeweza kuliachia likaenda na mto. Hakuliachia. Alitanua miguu akapigana na upepo kwa shingo, huku mikono yote miwili imeshika kamba na hakuna uliobaki wa kushika chuma.

Gari la polisi lilikuwa limekuja, maana mtu alikuwa amepiga simu kuhusu mwanamume mwenye godoro darajani. Likasimama kando ya Apendeki, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mbele. Askari akateremsha kioo.

"Unamfahamu yule?" akauliza.

Wasimulizi wengine huruka hapa, kwa kumwonea Apendeki huruma. Mimi siruki, kwa sababu yeye mwenyewe amekataa turuke. Neno hapana lilikuwa limekwisha kufika mdomoni mwake. Aligeuza shingo, kidogo tu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamtazama. Akaona vidole vya mjomba vimekuwa vyeupe kwenye kamba. Akaona macho yake, ambayo hayakuutazama mto uliokuwa chini yake wala gari la polisi, yalikuwa yanamtafuta yeye kuona kama upepo umemwangusha.

"Ni mjomba wangu," akasema. "Ndiye aliyenilea. Ananipeleka chuo."

Akatupa sanduku, akakimbia kurudi nyuma, akaikamata kamba kwa nyuma na kuning'inia kwa uzito wake wote, na godoro likatulia. Wakasimama hivyo, wawili, wakipumua. Lusambya hakumuuliza alikuwa wapi. Alisema tu, "Shika hapohapo, mwanangu," wakaanza kutembea. Yule askari akalitia sanduku garini, akawasha taa zake za buluu, akawafuata polepole akizuia magari nyuma yao, na hivyo watu wetu wakaingia Kilimani kwa mara ya kwanza wakisindikizwa na serikali.

Lusambya alikuwa ameyaandaa maneno yake tangu ujana. Alikuwa na la kumwambia mlinzi wa lango, na la pili endapo mlinzi angekuwa mkorofi. Lakini walipopanda kilima alikuta nyasi, miti, vijana wamekaa chini, njia zinazoingia kutoka kila upande. Akazunguka na mzigo wake kichwani, akitafuta.

"Lango liko wapi?" akauliza.

"Hakuna, mjomba," akasema Apendeki. "Wanaingia tu."

Mtu ameliogopa lango maisha yake yote, kisha anaambiwa halipo: hilo nalo ni zito, na halibebeki kichwani.

Kwenye bweni lakini alikuwepo mama mmoja msimamizi, mwenye miwani iliyotundikwa kifuani. Alieleza kwa upole kwamba kila chumba kina godoro, na kwamba magodoro ya nje hayaruhusiwi kwa sababu ya kunguni. Lusambya, asiyeelewa vizuri, alisimama wima kama askari wa gwaride, matone ya mvua yakianza kugonga nailoni, akisubiri kupekuliwa.

"Anasemaje?" akauliza.

Apendeki alimgeukia yule mama, akamwambia kwa Kiingereza: "Huyu ametoka nalo ng'ambo ya mji kwa miguu. Usipolipokea godoro hili hujanipokea mimi. Nitarudi nyumbani nalo."

Na angerudi, msiwe na shaka. Yule mama alimtazama binti, akamtazama mtu yule na shingo yake, kisha bila neno akavaa miwani, akafungua milango yote miwili, akashika pembe moja ya godoro kwa mikono yake mwenyewe.

"Amesema karibu," akasema Apendeki.

Lusambya mwana wa Ebengo, Shingo ya Mvule, Mvuka Daraja, aliketi kwenye ngazi za bweni, akafunika uso, akalia kwa sauti mbele ya watu, na Apendeki akakaa naye mpaka akamaliza. Kisha akauliza shamba la chuo liko wapi ili aache jembe, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwonyesha, akarudi nalo nyumbani akishangaa ni elimu gani hiyo.

Alikufa kabla binti hajamaliza masomo, majira ya baridi, moyo ukasimama katikati ya zamu, na wenzake wakasema alikuwa ameutua kwanza mzigo wake taratibu sakafuni. Ardhi ilikuwa ngumu kwa barafu, na vijana wa sekondari walikuja na sururu kusaidia kuchimba.

Agosti iliyofuata mwana wa jirani yetu Byaombe aliitwa Kilimani. Magari tulikuwa nayo tayari. Hakuna aliyetoa amri, lakini asubuhi ile mtu alitoka na godoro kichwani, na mtaa wote ukamfuata kwa miguu. Tangu hapo hakuna mtoto wetu aliyekwenda chuo chochote cha mji huu bila godoro kuvushwa daraja, na tukishafika tunarudi nalo tukampe mgeni aliyeshuka mwaka huo na anayelala chini.

Apendeki ana mvi sasa. Anafundisha kulekule, anakaa karibu na bweni lile, na kila Agosti hupanda basi kuja huku kwetu ili apande kilima kwa miguu pamoja nasi. Wapo vijana wanaoona aibu. Hutangulia mbele, macho kwenye simu, wakijifanya hawatujui, na akina mama hutaka kuwaita. Apendeki huwazuia. Hutembea nyuma kabisa, ameshika kamba, na tukifika katikati ya daraja huomba tupunguze mwendo, ili mtoto aliye mbele apate nafasi ya kugeuka.