Unyoya wa Somoe

Sogeeni, goti liguse goti. Anayetafuna muwa ateme makapi, anayecheka amalizie. Kimya sasa.

Hapo zamani, kwenye kambi ya wakoma, palikuwa na muuguzi, jina lake Somoe. Kazi yake kuosha vidonda, kufunga bandeji, na kupima watu kwa unyoya wa kuku. Humwambia mtu, "Fumba macho." Humgusa. "Nimekugusa wapi?" Akionyesha penyewe, mzima. Asipohisi, ukoma umeshaingia. Na aliyelia aliambiwa, "Nyamaza, ukiwahi dawa utapona. Ugonjwa huu hauumi, ndio ubaya wake."

Jioni moja mumewe, Bakiri, akimkanda mgongo, akaona baka lililopauka. Akapitisha ukucha. Somoe hakushtuka. Bakiri akamfunika kanga, akanyamaza. Mwaka mzima akanyamaza.

Kisha sindano ikaanza kumponyoka Somoe vidoleni. Akamwita Sharifa, muuguzi mwenziwe. "Mdogo wangu, nipime." Akafumba macho. Akangoja, akangoja.

"Mbona hunigusi?"

Sharifa alikwishamgusa mara tatu. "Haya dada, sasa nagusa." Akambonyeza begani kwa kidole.

"Hapo!"

"Umepata, dada. U mzima."

Somoe akacheka kama aliyetua mzigo. Moyoni alijua unyoya haubonyezi hivyo. Hakuuliza.

Mwezi haukupita, akaiepua sufuria ya kuchemshia bandeji kwa mkono mtupu. Akasimama nayo akipiga soga, nyama ikinuka. Mzee Liundi, mgonjwa asiye na kidole hata kimoja, akapiga yowe mbele ya foleni nzima: "Jamani, Somoe anaungua! Huyu mwenzetu!"

Siku ileile kazi yake ya uuguzi ikaisha. Mashemeji wakaacha kuteka maji kisimani kwake. Dawa akapewa, lakini mkono ulishaanza kuoza, uozo ukapanda hadi kwapani, homa ikamlaza.

Akawaita watatu: Bakiri, Sharifa na Mzee Liundi. "Nakufa. Unyoya wangu nampa aliyenitendea wema kuliko wenzake. Semeni."

Bakiri akasema, "Mke wangu, niliona baka mgongoni, mwaka mzima nikanyamaza. Wangekulaza kambini, mimi ningelala na nani? Na leo nani anayekufuta usaha?"

Sharifa akasema, "Dada, ulikuwa unatetemeka. Nilikupa mwezi mmoja wa raha. Na wale wagonjwa sitini, ungeondoka, nani angewaosha?"

Liundi akasema, "Mwanangu, mimi tu ndiye niliyesema kweli."

"Kweli gani, mzee?" Bakiri akafoka. "Kunong'ona ulishindwa?"

"Mgongo wake ulikuwa nao mwaka mzima, kijana. Wewe ulimnong'oneza nini?"

Somoe akafumba macho, kama walivyofumba wagonjwa wake. Wakamwona akiinua ule mkono usioungua, aelekeze. Mkono ukaishia njiani.

Alizikwa alasiri. Bakiri akarithi nyumba na kisima kisichotekwa. Sharifa akarithi sufuria na wagonjwa sitini. Liundi akarithi viatu vya tairi ambavyo Somoe alikuwa akimshonea, kimoja hakijaisha. Unyoya ukabaki umechomekwa kwenye makuti ya paa, wala hakuna mkono uliothubutu kuuchomoa.

Haya, nyie niliowanyamazisha, semeni sasa. Unyoya ule, je, nani alistahili?