Pimbi Aliyeezeka Kinyume

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kazi zao kama sisi, Tembo na Nyati walikuwa wafyatua matofali bondeni. Msimamizi wao alikuwa Pimbi. Ndiyo, Pimbi huyo huyo asiyefika hata goti la Tembo! Walimchagua wenyewe kwa sababu aliijua kazi, kisha wakawa hawamsikilizi. Msicheke, hata huku kwetu wapo.

Siku moja wingu jeusi likatanda. Matofali mabichi ya kiangazi kizima yalikuwa wazi. Yakinyeshewa yangerudi kuwa tope, na wote wangelala njaa.

"Jamani, mvua! Tuyafunike kwa nyasi upesi!" Pimbi akapiga kelele.

"Ebo!" Tembo akaguna kivulini. "Kapimbi kaniamrishe mimi?"

"Na mimi ndiyo kwanza nimekaa," akasema Nyati.

Pimbi aliumia moyo. Akafikiri. Kisha akabeba nyasi, akapanda juu ya rundo la matofali, akaanza kuezeka kutoka kileleni kushuka chini, huku akiimba.

Tembo akamtazama. Akajizuia. Akashindwa.

"We Pimbi! Nani kakufundisha? Nyasi huanzia chini, za juu zilalie za chini! Maji yatapita yote hapo!"

"Kumbe, mzee? Chini hapa?"

"Siyo hapo! Lo! Shuka, shuka nikuonyeshe."

Swaa! Swaa! Mkonga ukafanya kazi.

Pimbi akaviringisha jiwe la kukandamizia nyasi, akaliweka ukingoni kabisa.

"Litaporomoka hilo!" Nyati akainuka akikoroma. "Lete huku!"

"Ahsante, bwana. Na yale mengine?"

"Niachie mimi!"

Walipomaliza tu, mvua ikamwagika, pwaa! Hakuna tofali lililolowa.

Jioni, mvua ikiwa bado inanyesha, Tembo akapita kwa Pimbi kujisifu.

"Bila mimi leo..." Akakatiza. Alikuwa akilitazama paa la Pimbi. Nyasi zililaliana vizuri kutoka chini hadi juu, na ndani halikudondoka hata tone.

"Nani kakuezekea?"

"Mimi mwenyewe, mzee."

Tembo akashusha mkonga. Aliona aibu kweli.

"Kesho ukiwa na neno," akasema polepole, "niambie tu. Nitainuka."

"Nitashukuru, mzee. Kuezeka kinyume kunachosha."

Basi, watoto, anayejua kuongoza hutafuta neno la kumwinua mwenzake, si la kumshinda.