Mabua ya Sheikh Dhakwan

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu na atunufaishe kwa mema yao, kwamba katika milima ya Yemen aliishi mja mwema aliyeitwa Sheikh Dhakwan bin Musafir. Alikuwa mkulima wa njegere, mtu wa jasho lake, mpole wa kauli, na kila alipofukia mbegu aliitajia jina la Mwenyezi Mungu. Shamba lake lilikuwa juu mlimani, mahali pa upepo na jua la mapema. Njegere zake zilistawi, na watu wakampenda.

Lakini mapenzi nayo yana upofu wake. Msicheke, ndugu zangu, maana hata sisi tunao. Watu wa kijiji kile walianzisha desturi: kila mavuno yalipokwisha kupurwa, walikwenda kwa Sheikh kuomba mabua makavu ya njegere zake, wakayatandaza katika mashamba yao ili wapate baraka. Sheikh hakupendezwa, ila aliona haya kuwanyima. Na kwa kuwa kila mwaka waliyataka, yeye naye alipanda njegere palepale mwaka hadi mwaka, ilhali marehemu baba yake alimfundisha kwamba ardhi hubadilishiwa mmea.

Jirani yake, Jundub, alikuwa muadhini wa msikiti, na shamba lake lilikuwa bondeni, ambako umande haukauki hadi karibu na adhuhuri. Miaka miwili mfululizo njegere za Jundub ziliharibika. Madoa ya kahawia yalianzia majani ya chini, yakapanda shinani hadi kwenye maganda, na mbegu zikasinyaa ndani. Watu wakanong'ona, "Asiyebarikiwa hata kwa mabua ya Sheikh, huyo ana jambo lake na Mola wake." Maneno hayo yakamfikia Jundub, naye akayaamini. Akaacha kuadhini. Akawa anasali safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu, na kila siku alitubia dhambi asiyoijua.

Mwaka wa tatu, njegere zikiwa zimetoa maua, Jundub alikuja asubuhi moja nyumbani kwa Sheikh. Mke wa Sheikh, Bibi Lubaba, alikuwa uani akichambua mbegu kwenye ungo.

"Ewe Sheikh," akasema Jundub, "shamba linakufa tena. Kimebaki kipembe kimoja tu cha kijani, kile ambacho mabua yako hayakukifikia kwa kuwa yaliniishia. Nakuomba unipe mengine nikakitandazie, huenda Mola akanihurumia."

Sheikh aliinama kwenye lundo la mabua akachukua kumbatio zima. Kisha akasimama. Akayatazama yale mabua mikononi mwake, akayaona madoa ya kahawia, madogo, yamejipanga kama vidonda vya ndui. Si kwamba hakuwahi kuyaona. Aliyaona hata shambani mwake, ila kwa kuwa upepo na jua la mlimani havikuyaacha yaenee, aliyapuuza. Akayarudisha chini.

"Rudi nyumbani, ndugu yangu," akamwambia. "Kile kipembe usikitandazie kitu."

Jundub aliondoka akiinamisha kichwa, akidhani kwamba sasa hata Sheikh amemkataa.

Hapo nafsi ikamjia Sheikh na hoja zake, nayo nafsi haikosi hoja. Ikamwambia: Nyamaza tu. Mwaka huu sema mabua yamekwisha, na mwakani vilevile, desturi itajifia yenyewe wala hutaaibika. Akamweleza mkewe. Bibi Lubaba hakuuacha ungo wake.

"Ukinyamaza," akasema, "Jundub ataendelea kuomba toba kwa ugonjwa uliotoka uani kwetu."

Sheikh Dhakwan alilia. Kisha akamshukuru Mola aliyempa mke asiyemwogopa.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, alisimama mbele ya watu na ganda lenye madoa mkononi. Akasema, "Enyi ndugu zangu, huu ni ukungu, nao unakaa ndani ya mabua na mbegu. Mimi ndiye niliyewagawia. Jundub hana kosa, kosa ni langu."

Mnadhani walielewa? Mzee mmoja alifuta machozi akasema, "Subhanallah! Tazameni unyenyekevu wa mawalii! Anajitwika dhambi ya jirani yake!" Msikiti mzima ukaitikia, na wawili wakamkimbilia kumbusu mkono. Maskini Sheikh! Alikiri kosa, wakamzidishia utukufu. Na Jundub kule nyuma akazidi kujikunyata.

Sheikh hakubishana. Alikwenda hadi safu ya nyuma, akamshika Jundub mkono, akawaambia wote, "Nifuateni." Akawapeleka bondeni. Pale shambani kila mtu aliona kwa macho yake: mahali mabua yalipotandazwa, mimea imekuwa ya kahawia na kulala chini, mahali yalipokoma, ile mistari michache ya pembeni ilikuwa kijani, na maua yake meupe yamesimama. Mpaka ulikuwa umenyooka kama uzi wa mwashi. Yule mzee aliyafuta machozi yake, safari hii kimya.

Kisha Sheikh akapanda mlima hadi shambani kwake, akaanza kung'oa njegere zake mwenyewe, zile ambazo zingekuwa chakula cha nyumba yake wakati wa baridi. Watu walipomwona anang'oa, wakaamini. Wakaenda kila mmoja kwake wakafanya vivyo hivyo, ila kile kipembe safi cha Jundub walikiacha. Mabua makavu waliyachoma, mabichi wakayafukia katika shimo refu. Alasiri ilipoingia wakiwa bado na masizi mikononi, wakamwambia Jundub, "Tuadhinie." Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikasimama.

Walikaa miaka mitatu bila njegere katika mashamba yale, wakapanda shayiri. Haikuwa rahisi, uji wa shayiri huchosha, na wapo waliolalamika. Lakini majirani walilishana. Mbegu walizitoa katika kile kipembe cha Jundub, zile tu za maganda safi, wakaziongeza kidogo kidogo katika ardhi mpya kando ya kijiji. Wakajifunza kupanda kwa nafasi ili upepo upite, na kutoingia shambani majani yakiwa na umande.

Mwaka wa nne njegere zikarudi mashambani, nazo zikazaa hadi vikapu havikutosha. Mtu mmoja, maana desturi ni ngumu kufa, akamwendea Jundub akamwomba mabua yake kwa ajili ya baraka. Jundub akacheka. "Chukua mbegu, ndugu yangu. Mabua nimeyachoma asubuhi."

Siku hiyo walipokaa kula pamoja, Sheikh Dhakwan alimwambia, "Jundub, mshukuru Mola, amekurudishia njegere zako."

Jundub akajibu, "Alhamdulillahi kwa njegere. Lakini mimi namshukuru zaidi kwa ile miaka mitatu ya shayiri. Nilikula uji mtupu, na kila niliposujudu nilijua kwamba Mola wangu hanichukii."

Tazameni, ndugu zangu, jinsi mtu mmoja alivyoona haya kusema "hapana", na mwingine akalala miaka miwili akidhani amelaaniwa. Basi ukimpata mtu anayekuja kwako na kusema "kosa lilikuwa langu", usimbusu mkono. Muamini, kisha umshukuru Mwenyezi Mungu kwa ajili yake.