Yai Nyuma ya Gurudumu

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake ni kwamba usimpime mtu, wala kitu, kwa kelele zake. Mara nyingi aliyetulia ndiye mwenye jambo. Lakini methali bila kisa ni kama ndoo isiyo na mpini: imejaa, ila huna pa kuishikia. Na kisa bila kitendawili hakinogi. Haya, kitendawili! Mnyama wangu akipanda mlima hula, akishuka hujaza ghala. Umeshindwa? Usinipe mji bado. Twende pamoja, jibu liko mlimani.

Mbele ya hospitali moja palikuwa na kituo cha teksi. Mwenyekiti wa kituo alikuwa jibaba la miraba minne, na kila mtu alimwita Mngurumo. Jina hilo alilipata kwa gari lake. Likiwashwa, njiwa wote waliruka kutoka kwenye paa la hospitali, na wagonjwa wakajua kumekucha. Mngurumo hakuona aibu. "Gari ni kama fahali," alizoea kusema. "Likinyamaza, ujue linaumwa." Na masikio yake yalikuwa ya ajabu kweli. Angeweza kukutajia ugonjwa wa injini kabla gari lenyewe halijakata kona.

Basi siku moja asubuhi madereva walikuwa wanapiga soga, na walipogeuka wakakuta gari jeupe limesimama nyuma ya foleni yao. Hakuna aliyelisikia likija. Akashuka mwanamke mwembamba, mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Wote walimfahamu. Alikuwa mwenzao wa miaka kumi na mmoja, na walimwita Shangazi kwa sababu hakuwahi kumjibu mtu vibaya. Mwezi uliopita gari lake la zamani lilikata roho kabisa.

"Shangazi! Umelisukuma mpaka hapa?" Mngurumo aliuliza.

"Nimeliendesha, Mwenyekiti. Ni la umeme."

Ilikuwa kama amemwaga mtama penye kuku wengi.

"La umeme? Mvua ikinyesha si utakaangwa humo humo!"

"Hiyo ni pasi yenye magurudumu!"

"Simu yangu tu haimalizi siku, sembuse gari!"

"Na umeme ukikatika, Shangazi, utaliwashia mshumaa?"

Fundi wa gereji ya jirani, ambaye mkono wake haukuachana na spana hata wakati wa kula, akajilaza chini akaingiza kichwa mvunguni mwa gari. Alitafuta bomba la moshi kama mtu anayetafuta mkia wa chura. Alipotoka alikuwa amenuna. "Halina bomba. Halina pa kubadilisha oili. Sasa mimi nitatibu nini hapa?"

Shangazi alicheka pamoja nao, lakini kichwani alikuwa anahesabu siku. Muuzaji alikuwa amempa siku saba za kulijaribu gari, na hiyo ilikuwa ya saba. Jioni, ama alichukue liwe lake ama alirudishe. Na gari la teksi lisilo na nafasi kituoni ni pambo tu, maana abiria wa hospitali hawapandi gari la nje ya foleni. Nafasi yenyewe haikutolewa kwa huruma. Ilikuwa lazima gari lipite mtihani wa Vunjagoti.

Vunjagoti kilikuwa kilima nyuma ya hospitali, kikali kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Gari jipya lilijazwa watu, likapandishwa mpaka kwenye kona yenye mwinuko kuliko yote, likasimamishwa. Hapo yai liliwekwa nyuma ya gurudumu. Kisha dereva aliondoa gari. Yai likibaki zima, karibu kituoni. Likivunjika, safari njema.

"Naomba mtihani wangu leo," Shangazi akasema.

Mngurumo alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. "Dada yangu, wewe ni mtu wetu. Usijitie aibu. Kirudishe hicho kikombe cha chai, tafuta gari linalopumua, nafasi yako nakutunzia."

"Leo, Mwenyekiti."

Wakati huohuo akatoka hospitalini bibi mmoja mwenye mkongojo na kikapu, ametoka kukandwa magoti. Alikuwa mama mzazi wa Mngurumo, na nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya Vunjagoti.

"Mnakwenda kwangu? Nisogezeeni," akasema, tayari ameshika mlango.

"Mama, hili ni la majaribio!"

"Na la kwako, mwanangu? Kila nikishuka nahesabu meno."

Wakapanda. Mngurumo mbele, nyuma bibi, fundi, na dereva mmoja mnene kama gunia la chumvi. Shangazi akatupa jicho kwenye kioo cha mbele yake. Betri ilibaki na asilimia kumi na nne. Jambo moja alikuwa hajawaambia: mtaani kwake umeme ulikuwa umekatika tangu jana asubuhi.

Gari likaondoka. Likaanza kupanda, na ndani kukawa kimya hata mayai kwenye kikapu cha bibi yakasikika yakigusana. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Watoto barabarani walikimbia pembeni wakipiga kelele, "Gari halilii! Gari halilii!" Kumi na moja. Wakafika kwenye kona, Shangazi akasimamisha.

Fundi akashuka, akapewa yai kikapuni, akaliweka nyuma ya gurudumu. Watu wakaanza kutoka majumbani.

Mngurumo alitega sikio. Akasubiri ngurumo. Hakusikia hata kikohozi. Akaweka sikio karibu na dashibodi. Kimya kama kaburi.

"Limezimika!" akapaza sauti. "Nilisema mimi! Limekata roho!"

"Mwenyekiti, halijazimi..."

Lakini Mngurumo alikuwa ameshashuka na kuubamiza mlango. Akasimama katikati ya barabara, mikono juu, kama mwamuzi wa mpira. "Mashahidi ni nyinyi! Limekufa mbele ya macho yenu! Jamani, nani ana kamba tulivute?"

Bibi akagonga kiti cha mbele kwa mkongojo. "Twende, mwanangu. Huyo ana miguu."

Shangazi akakanyaga taratibu. Gari halikurudi nyuma hata upana wa ukucha. Likateleza mbele kama paka anayeondoka mezani, likakata kona, likaenda zake. Mngurumo bado alikuwa anaomba kamba.

"Yai zima!" fundi akapiga kelele, amepiga magoti. "Zima kabisa!"

Mngurumo akageuka, akaona mahali pa gari pamebaki barabara tupu. "Hee! Simama! Nimo!" Akatimua mbio kulifuata, na hatua ya kwanza tu, pwaa! Yai lilipasuka chini ya kiatu chake.

Kilima kizima kiliangua kicheko.

Kileleni, Shangazi aliona asilimia nane. Mbele ya lango lake, bibi hakushuka. "Geuza tukamchukue mtoto wangu. Nikishuka sasa, kesho atasema gari lilipanda kwa sababu yeye hakuwemo."

Wakateremka. Yule dereva mnene aliyechungulia kioo akaruka kitini. "Shangazi! Namba inapanda! Ilikuwa nane, sasa tisa!"

"Likishuka, breki zake hurudisha umeme kwenye betri," Shangazi akasema.

Haya, wewe uliyeshindwa kitendawili, jibu si hilo?

Walimkuta Mngurumo anahema kama mvukuto. "Haihesabiki!" akasema. "Mimi nilikuwa nje! Bila uzito wangu hata toroli lingepanda!"

"Panda basi, mzigo wangu," mama yake akamjibu, akatoa yai la pili. "Na hili likivunjika utakula wali mkavu, maana ndicho kilikuwa chakula chetu cha jioni."

Mtihani ukarudiwa. Safari hii Mngurumo hakutega sikio. Aliweka kiganja juu ya dashibodi, kama mtu anayempima mtoto homa. Taa nyekundu ikawaka, akashtuka. "Na hiyo?"

"Linasema lina njaa."

"Litafika?"

Shangazi akashika usukani. Akakanyaga. Gari likapanda, mabega ya Mngurumo na yote, huku nyuma fundi akicheza peke yake na yai zima mkononi.

Kileleni Mngurumo alifungua kinywa kutoa tangazo, na lingesikika mpaka hospitalini. Kisha akageuka kumtazama mama yake. Bibi alikuwa amelala fofofo, kichwa begani kwa yule mnene, mikono juu ya magoti yake mabovu. Hakuwahi kulala ndani ya gari tangu magoti yaanze kumsumbua. Mngurumo akafumba kinywa.

"Shangazi," akanong'ona, na watu hawakujua kwamba aliweza kunong'ona. "Niambie kweli. Umeme ukikatika?"

"Umekatika mtaani kwetu tangu jana, Mwenyekiti. Ndiyo maana lina njaa. Mchana huu nitalichajia saluni kwa dada yangu, kule upo."

Wakamwacha bibi alale mpaka alipoamka mwenyewe, Mngurumo akamshika mkono hadi mlangoni, wakateremka.

Kituoni madereva wote walikuwa wamesimama. "Vipi? Limekwama wapi? Mwenyekiti, sema!" Mngurumo, kiatu kina ute wa yai, hakusema neno. Alinyoosha kidole tu kwenye nafasi ya mwisho wa foleni. Shangazi akaliingiza gari hapo, akachukua simu ampigie muuzaji kwamba harudishi kitu. Juu ya paa la hospitali njiwa walikuwa wamejaa, na hata mmoja hakuruka. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.